Marburg ilishaisha Biharamulo, woga ndio umebaki

Mleta mada, umeuliza kama umekosea kumzuia mkeo asiende kuripoti kituo chake kipya cha kazi Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kuwa "kule kuna Marburg", ule ugonjwa hatari wa virusi wa jamii ya Ebola. Mkuu, sitakusema vibaya, maana woga huo umepita hadi nyumbani kwetu. Ila nakuomba umwache aende.

Mwaka 2014 nilikuwa dereva wa watalii hapa Arusha. Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Kwetu hakupatikana hata mgonjwa mmoja, Kenya vilevile. Toka Monrovia hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 5,000. Madrid ni karibu zaidi, na huko nesi aligundulika kuambukizwa Oktoba mwaka huohuo. Hispania iliendelea kujaa wageni, sisi tukakimbiwa. Korean Air ilisitisha hata safari zake za Nairobi.

Ofisini kwetu kulikuwa na ubao mweupe wenye majina ya makundi yaliyolipia. Kila asubuhi dada wa ofisi akishasoma barua pepe anainuka na kitambaa, anafuta mstari. Kufikia Novemba ilibaki mistari miwili, na ubao mzima una ukungu wa wino wa bluu. Mpishi wetu wa kambi, baba wa watoto watatu, akarudi kwao kulima. Mama aliyekuwa akituletea mboga kutoka soko la Tengeru aliendelea kupita kuulizia kwa wiki kadhaa, halafu akaacha. Hawa hakuna aliyewaorodhesha popote kuwa waathirika wa Ebola.

Katika wachache waliokuja kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mstaarabu sana. Hakutupa mkono, na kila akitaka kufungua mlango wa gari anapangusa kwanza kitasa kwa dawa. Nilimwelewa. Lakini tulipoanza kushuka kreta ya Ngorongoro, kona juu ya kona, bonde liko pembeni, nilimwomba akae afunge mkanda. Akakataa. Akasimama juu ya kiti, kichwa nje ya paa, anapiga picha, chupa ya dawa ameibana kwapani. Niliendesha kama niliyepakia mayai. Ugonjwa uliokuwa maelfu ya kilomita ulimnyima usingizi, ila gari lililokuwa linamrusharusha palepale hakuliona.

Mara ya pili yalinifika mwenyewe. Januari 20, 2025, Rais Samia alitangaza Marburg Biharamulo. Dada yangu anaishi Muleba, mkoa uleule wa Kagera, wilaya nyingine. Mwanawe wa miaka minne akashikwa na homa. Zahanati si mbali, dakika ishirini kwa miguu. Lakini mtaani walishasema ukionekana na homa unachukuliwa, unatengwa, hurudi. Akanipigia simu, na mimi nikamwambia, "Subiri kwanza, mpe Panadol." Siku tatu anampangusa mtoto kwa kitambaa cha maji. Siku ya nne viganja vilikuwa vyeupe kama karatasi na mtoto akiitwa haitiki. Walipofika waliambiwa ni malaria, damu imekwisha. Akaongezewa, Mungu mkubwa, akapona. Lile neno "subiri" bado linaniuma.

Marburg si ya kudharau. Mwaka ule walihesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki. Lakini inaambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, haiji na upepo wa stendi. Machi 13, 2025 ilitangazwa kuisha, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya zile siku 21 ambazo kirusi kinaweza kujificha mwilini kabla dalili hazijaonekana. Malaria haijatangazwa kuisha. Mwaka 2023 iliua karibu watu 597,000 duniani, na Tanzania ni moja ya nchi nne zilizobeba zaidi ya nusu ya vifo hivyo. Kanda ya Ziwa ni moja ya sehemu inakosumbua sana.

Kule Afrika Magharibi Ebola iliua zaidi ya 11,000. Watafiti walikadiria kwamba wengine zaidi ya 10,000 walikufa kwa malaria, Ukimwi na kifua kikuu kwa sababu huduma zilianguka: vituo vimefungwa, wagonjwa wanaogopa manesi, manesi wanaogopa wagonjwa. Nikisoma hayo namwona yule mtoto wa dada.

Kwa hiyo mkuu, mfungashie mkeo chandarua chenye dawa, kiwe juu kabisa kwenye begi ili akitumie usiku wa kwanza. Mkubaliane kwamba homa yoyote, yake au ya mtoto, ni kupima siku hiyohiyo. Tiketi mkatie ya basi la alfajiri ili asimalizie njia gizani, na kabla gari halijatoka stendi hakikisha mkanda wa kiti chake unafunga. Usipofunga, aombe kingine.