Katalogi ya Pollock ya 1943: ya asili au nakala?

SWALI: Katika makaratasi ya marehemu mjomba wangu, aliyeishi New York miaka mingi, nimekuta katalogi ya maonyesho ya kwanza ya peke yake ya mchoraji wa Marekani Jackson Pollock, Novemba 1943. Ni karatasi iliyokunjwa, na mkunjo umeanza kuchanika. Nitajuaje kama ni ya asili? Naweza kuilamineti?

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu msomaji. Usiilamineti hata kidogo! Plastiki ile hugandishwa kwa joto, na ukija kuibandua itaondoka na wino. Selotepu nayo iache: gundi yake hupenya na kuacha doa la kahawia. Ilaze bapa kwenye bahasha isiyo na asidi. Mpasuko huungwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ila hiyo kazi mwachie fundi wa karatasi.

Sasa uasili. Maonyesho hayo yalifanyika Art of This Century, nyumba ya sanaa ya Peggy Guggenheim huko Manhattan. Pollock alikuwa na miaka 31, hajulikani, kwa hiyo wengi hawakuona sababu ya kuhifadhi karatasi yake. Utangulizi wa katalogi uliandikwa na mhakiki wa sanaa James Johnson Sweeney, aliyekifananisha kipaji cha Pollock na volkano. Maneno hayo yamenukuliwa mno vitabuni, hivyo kuyakuta si ushahidi.

Tafuta taa ya kukagulia noti bandia, ile ya madukani, uimulike karatasi gizani. Dawa za kung'arisha karatasi zilienea viwandani kuanzia miaka ya 1950. Ikiwaka buluu-nyeupe kote, karibu hakika ni nakala ya baadaye. Isipowaka, bado hujashinda, maana karatasi ya zamani hupatikana na mghushi anaijua.

Kisha chukua lenzi ya sonara, utazame herufi. Zilizochapwa kwa njia ya zamani, kwa herufi za madini ya risasi, huzama kidogo kwenye karatasi. Geuza upande wa nyuma, pitisha kidole, mara nyingine utahisi vivimbe. Wino hujikusanya pembezoni mwa herufi. Ukiona vitone vidogo vidogo vimeunda herufi, hiyo imepigwa picha kutoka nakala nyingine. Ukiona unga mweusi unaong'aa juu ya karatasi, ni fotokopi tu.

Kama kuna maandishi ya penseli, usiyafute, hata yakionekana uchafu. Jina, bei au tarehe pembeni, pamoja na barua za mjomba za miaka ile, ndivyo vitu mnunuzi makini atakavyouliza kwanza.