Je, sindano ya diklofenaki hulinda tumbo kuliko vidonge?

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 66 na amesumbuliwa na magoti kwa muda mrefu. Daktari wetu wa familia alimwandikia diklofenaki ya miligramu 50, mara mbili kwa siku, na tangu hapo ameendelea kuandikiwa dawa hiyo kwa miezi minane. Anatumia pia losartani na hidroklorothiazaidi kwa ajili ya shinikizo la damu, pamoja na aspirini ya miligramu 75 kila siku. Siku hizi analalamikia kiungulia, miguu inavimba jioni, na presha iliyokuwa imetulia imeanza kupanda. Daktari anafikiria kumwongezea dawa nyingine ya presha. Jirani yetu amemshauri aache vidonge, achomwe sindano za diklofenaki kwa kuwa hazipiti tumboni. Je, ushauri huo ni sahihi?

JIBU: Ushauri huo si sahihi, ingawa najua umetolewa kwa nia njema. Ningependa uelewe sababu yake, kwani sababu hiyohiyo inaweza kueleza kiungulia, uvimbe wa miguu na presha ya mama, mambo matatu ambayo ni rahisi kuyadhania kuwa magonjwa matatu yasiyohusiana.

Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, meloksikamu na indomethasini ni dawa za kundi moja. Hutuliza maumivu kwa kuzuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini, yaani kemikali ambazo mwili huzitoa mahali penye jeraha au uvimbe na ambazo huzidisha maumivu. Utendaji huo ulibainishwa mwaka 1971 na John Vane wa Uingereza, ambaye mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa wanasayansi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Lakini prostaglandini hazifanyi kazi kwenye maumivu peke yake. Tumboni huchochea ute unaokinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na kwenye figo husaidia kuweka wazi mishipa midogo inayopeleka damu kwenye vichujio. Dawa ikishaingia kwenye damu, iwe imemezwa, imechomwa kwenye msuli au imewekwa kwa njia ya haja kubwa, huzuia prostaglandini kila mahali inapofika, na damu hiyohiyo inayolifikia goti hulifikia tumbo. Kwa hiyo sindano humwepusha mgonjwa na mkwaruzo wa kidonge chenyewe tu, ambao ni sehemu ndogo ya tatizo. Ndivyo ilivyo pia kwa vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka tumboni. Kumeza dawa baada ya chakula hupunguza kichefuchefu, lakini si kinga ya kutegemea dhidi ya vidonda.

Kiungulia cha mama kisipuuzwe, lakini vilevile kisichukuliwe kuwa ndicho kipimo cha hatari. Vidonda vinavyoletwa na dawa hizi, hasa kwa watu wa umri mkubwa, vinaweza kukua bila maumivu yoyote, na dalili ya kwanza ikawa ni kutokwa na damu. Umri wa zaidi ya miaka 65 ni sababu moja ya hatari, na aspirini anayotumia ni sababu ya pili, kwani hata kwa kipimo kidogo huongeza uwezekano wa kutokwa na damu ikichanganywa na diklofenaki. Mgonjwa wa namna hii akilazimika kutumia dawa ya kundi hili, kwa kawaida huandikiwa pia dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, na katika orodha uliyonitumia sikuiona. Hata hivyo, omeprazoli hulinda tumbo na mwanzo wa utumbo tu. Haiwezi kulinda sehemu za chini za utumbo, wala figo, wala moyo. Mama akipata choo cheusi kinachonata kama lami, akitapika damu au matapishi ya rangi ya kahawa, akizimia au akipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi katika barua yako, pengine kuliko hata tumbo, ni mkusanyiko wa losartani, hidroklorothiazaidi na diklofenaki kwa mtu mmoja. Ili figo ichuje, inahitaji msukumo wa kutosha wa damu ndani ya vichujio vyake. Hidroklorothiazaidi huongeza mkojo na hivyo hupunguza kiasi cha maji mwilini. Losartani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio, na kwa kawaida figo hufidia kwa kutanua mshipa unaoingiza damu, kwa msaada wa prostaglandini. Diklofenaki inapoziondoa prostaglandini hizo, fidia hiyo hudhoofika, na msukumo unaweza kushuka kiasi cha figo kushindwa kuchuja ipasavyo. Kila moja ya dawa hizi ina mahali pake, lakini zote tatu kwa pamoja zinafahamika kuwa hatari kwa figo, hasa mgonjwa anapoharisha, anapotapika au anapokosa maji ya kutosha. Mtu anaweza kukaa miezi mingi bila tatizo linaloonekana, kisha siku chache za kuhara zikatosha kumwangusha.

Figo zinapozuiwa namna hiyo hubakiza chumvi na maji mwilini. Hilo linaweza kuwa chanzo cha miguu kuvimba na cha presha kupanda, kwa kuwa dawa za kundi hili hupunguza nguvu ya dawa nyingi za shinikizo la damu, zikiwemo hizo mbili anazotumia mama. Uvimbe wa miguu una vyanzo vingine pia, moyo kushindwa kufanya kazi vizuri ukiwa mmojawapo, kwa hiyo ni lazima achunguzwe badala ya sisi kukisia.

Kuhusu moyo, tahadhari iliongezeka baada ya Septemba 2004, rofekoksibu, dawa ya jamii ya koksibu, tawi la kundi hili lililosifiwa kwa kulihurumia tumbo, ilipoondolewa sokoni kwa sababu ya kuongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba hatari ya diklofenaki kwa moyo inakaribiana na ya dawa za jamii hiyo, na kwamba isitumiwe na wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, waliokwisha kupata mshtuko wa moyo au waliopata kiharusi. Ikiwa mama aliandikiwa aspirini kwa sababu mojawapo kati ya hizo mbili za mwisho, diklofenaki haimfai kabisa. Muulizeni daktari aspirini hiyo ilianzishwa kwa nini.

Simlaumu daktari wenu kwa kuiandika dawa hii hapo mwanzo. Goti likiwaka moto, siku chache za diklofenaki kwa kipimo cha chini kinachotosha zinaweza kumrudishia mtu uwezo wa kutembea. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama kulikuwa na uamuzi mpya kila dawa ilipoandikwa tena, au ni dawa iliyoendelea tu kwa sababu hakuna aliyeisimamisha.

Diklofenaki haihitaji kupunguzwa kidogo kidogo, hivyo mama anaweza kuisitisha sasa huku akisubiri kumwona daktari. Aspirini na losartani asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Siku ya kwenda, abebe dawa zote anazotumia, zikiwemo za mafua na za maumivu zinazouzwa bila cheti, kwa kuwa baadhi yake huwa na ibuprofeni. Aombe kupimwa kreatinini na potasiamu ili hali ya figo ijulikane, pamoja na wingi wa damu, kwani damu inayovuja polepole tumboni huonekana kwanza kama upungufu wa damu.

Kwa goti lenyewe, mbadala ninaoupendelea ni jeli ya diklofenaki ya kupaka. Hapa njia ya kutumia dawa ina maana kubwa, kwa sababu dawa inayoingia kwenye damu kutoka kwenye jeli ni kidogo sana ikilinganishwa na ya kidonge. Hata hiyo itumiwe kwa idhini ya daktari, majibu ya vipimo vya figo yakishapatikana. Parasetamoli haina madhara hayo kwa tumbo, ingawa msaada wake kwa magoti yaliyosagika ni wa wastani. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, yakisimamiwa na mtaalamu wa viungo, husaidia wengi kwa namna ambayo kidonge hakiwezi, na mama asiyaone kuwa ni jambo la ziada.

Limebaki suala la dawa mpya ya presha. Mwombeni daktari kwamba, ikiwa presha haijafikia kiwango cha hatari, kwanza ipimwe upya wiki chache baada ya diklofenaki kusitishwa. Inawezekana dawa zilizopo zinatosha, na kilichozizuia kufanya kazi ni kidonge cha magoti. Na iwapo dawa nyingine ilikwisha kuongezwa, presha ifuatiliwe kwa karibu katika kipindi hicho, kwani inaweza kushuka kupita kiasi na kumletea mama kizunguzungu anaposimama.