Aspirini ya shaba imetoka kijani badala ya buluu

Ukitengeneza aspirini ya shaba (kiwanja cha shaba na aspirini), unga wa kijani hutokana na baikaboneti iliyozidi, inayoangusha kaboneti ya shaba, au joto, linalovunja esta (kiungo cha asetili) ya aspirini na kukuachia salisilati, ambayo na shaba hutoa kijani. Nashuku joto.

Pima upya: aspirini safi gramu 3.6 (si vidonge, vina wanga), baikaboneti ya sodiamu 1.68, mrututu (salfeti ya shaba) wa fuwele 2.5. Koroga aspirini na baikaboneti kwenye maji baridi hadi povu liishe, chuja, kisha dondoshea maji ya mrututu polepole. Osha kwa maji baridi, kausha hewani.

Ukipima kwa mionzi ya infraredi, kilele cha karibu 1750 cm⁻¹ (cha esta) kibaki, cha 1690 (cha asidi ya aspirini) kitoweke.

Usiimeze, hata ikitoka buluu safi. Hata indomethasini ya shaba, dawa ya maumivu ya aina kama hii iliyouzwa Australia, ilikuwa ya wanyama.