Nyuki wadogo wa ukutani na wa kichuguuni si wale wale

Mkuu, umeuliza kama vijinyuki weusi wa kwenye ukuta wa tembe la bibi yako Kongwa ndio hao hao waliochimbuliwa kwenye kichuguu shambani. Hapana, wote ni nyuki wasiouma, ila hata jenasi (kundi la spishi za karibu) ni tofauti.

Wa kichuguuni kwa maelezo yako ni wa jenasi Plebeina. Ana umbo kubwa kidogo, mlango wake ni mrija wa nta na utomvu uliochomoza ardhini, na ndani masega ya watoto yamelala tabaka juu ya tabaka. Huku kwetu nimewakuta zaidi kwa wachimba asali, ambao wakishamaliza kiota hakifai tena. Ndiyo maana asali ile inauzwa bei mbaya.

Wa ukutani ndio kazi. Picha yako inaonyesha mdudu wa milimita tatu hivi, kwa hiyo ni wa jenasi Hypotrigona au Liotrigona. Wote wanapenda vitundu vidogo, na vijumba vya watoto wao vimesongamana kama kichala cha zabibu, hakuna tabaka. Hapo kiota hakikusaidii, mwangalie mdudu mwenyewe. Mshike aliyekufa, mgeuze juani mwanga umpige kwa ubavu, kisha tazama kichwa na mgongo wa kifua kwa lenzi. Liotrigona ni laini, anang'aa. Hypotrigona amefifia, ngozi imejaa vishimo vidogo mno, mwanga hautelezi. Mfute vumbi kwanza, maana vumbi la Dodoma linamfifisha kila mtu.

Ukishafika Hypotrigona, simama hapo. Spishi zake gribodoi, araujoi na ruspolii zinafanana mno, wataalamu wenyewe wanapima mabawa na miguu na kuongeza vinasaba. Anayekutajia spishi kwa picha ya simu anabahatisha tu.

Kuna jamaa aliyesema wako wa ukutani ni wale nyuki wadogo wanaoishi kwenye vijiti vikavu, sikubaliani naye. Wengi wa hao wa vijitini wana baka jeupe au la manjano usoni, na hawana kile kikapu cha chavua, yaani sehemu bapa ya mguu wa nyuma. Mdudu wako kwenye picha ya tatu anacho, na kimejaa.

Ukitaka jina kamili, kamata wachache wanapotoka mlangoni, watie kwenye spiriti kali, andika mahali na tarehe kwa penseli. Wino unayeyuka humo.