Bendera ya nyumbani na upepo wa Likoni

SWALI: Mume wangu ni mwanamaji, kituo chake ni Mtongwe, na mara nyingi yuko baharini. Mimi na watoto hupandisha bendera ya Kenya nyumbani kwetu Likoni. Ya mwisho ilichanika ukingoni mapema na ikaingia madoa ya kutu. Je, naweza kuikata nishone upya? Na kijana wetu aweza kuipeperusha kwenye gari siku babake akirudi? – Mama, Likoni

JIBU: Mama, salamu kwako na kwa baba watoto. Kazi yangu ni kushona bendera, na zile za nyumba za askari huzishona kwa moyo wote.

Bendera huanza kuraruka upande usiofungwa, maana huko ndiko inakojipiga upepo ukikaza. Kuikata yawezekana, lakini bendera yetu ina ngao na mikuki katikati. Kila unapopunguza upande mmoja, ngao yahama. Punguza upana wa kidole, pinda upya, basi. Ikichanika tena, nunua nyingine.

Unaponunua, beba futi. Ya sentimita 90 kwa 60 iwe na nyeusi, nyekundu na kijani za sentimita 18 kila moja, na mistari miwili myeupe ya sentimita 3. Nyingi za barabarani hazifiki vipimo hivi, na mimi siwezi kumuuzia mke wa askari kitu kama hicho. Chagua poliesta iliyofumwa. Nailoni ni nyepesi na hupepea vizuri, ila jua letu huila upesi. Pamba hunywa unyevu ikalemea. Mwambie fundi apige mishono minne kwenye pindo la nje na aongeze kipande cha pembetatu kila pembe.

Kutu haitoki kwenye kitambaa, hutoka kwenye kulabu na pete za chuma zilizoliwa na chumvi. Weka za shaba au za plastiki ngumu. Kila baada ya siku chache isuuze kwa maji baridi ya mfereji, uianike kivulini, na usiikunje ikiwa mbichi.

Ofisi za serikali hupandisha saa kumi na mbili asubuhi na kuteremsha saa kumi na mbili jioni. Fuateni saa hizo. Ni heshima, tena bendera hupumzika usiku kucha. Kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, iteremsheni hata mchana. Nyeusi iwe juu daima. Watoto waambieni pia kwamba tarehe 12 Desemba ni yao mara mbili: uhuru ulipatikana siku hiyo 1963, na Jeshi la Wanamaji likaundwa siku hiyohiyo 1964.

Kwenye gari, hapana. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, imewaachia jambo hilo viongozi wachache. Kijana aende kumpokea babake bila bendera garini, na ile ya nyumbani ipandishwe alfajiri kabla hawajafika.