Nenda Ukamwone Mgonjwa, Ila Usirudi na Ugonjwa

Jumapili usiku nimepata ujumbe wa msomaji mmoja wa Kimara. Mama yake amelazwa, yeye ana mimba ya miezi mitano, na mama mkwe kamkataza asikanyage wodini. "Dada, niende au nisiende? Nisipoenda mama ataumia, nikienda nikaumwa watasema nimejitakia." Nimeusoma mara tatu chai ikipoa, maana hilo la "watasema" nalijua kuliko hata hayo mambo ya vijidudu.

Nianze na aibu yangu.

Mwaka 2022 mama yangu mdogo alilazwa kwenye hospitali moja ya hapahapa mjini, jina tuliache. Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Dada wa kazi kaenda kwao Singida, mume yuko safarini. Mlinzi getini akasema mtoto haruhusiwi. Nikambembeleza: kaka yangu, huyu ndiye aliyenilea, dakika tano tu. Akageuza uso upande wa pili, nikapita. Siku ile nilijiona mjanja kweli.

Dakika tano zikawa saa nzima. Mtoto nilimkalisha kitandani, miguuni kwa mgonjwa, juu ya kanga yangu. Akashika vyuma vya kitanda, akashika kabati la pembeni, akaokota kijiko chini nikamnyang'anya kimeshafika mdomoni. Mama wa kitanda cha pili alikuwa anaharisha tangu usiku. Niliambiwa, nikampa pole, nikaendelea kupakua mtori. Tulipopanda daladala mtoto akaanza kulia njaa, nikammenyea chungwa kwa mikono ileile. Na ile kanga ya kitandani ndiyo niliyombebea, na usiku ndiyo niliyomfunika.

Keshokutwa yake akaanza kutapika. Asubuhi, kuhara. Kufika mchana macho yameingia ndani, analia machozi hayatoki. Tulilazwa siku tatu, kwanza maji ya mshipani, halafu ORS na vidonge vya zinki. Alipona, namshukuru Mungu. Kama aliupata pale wodini siwezi kuapa, na daktari naye hakuapa, lakini aliponiuliza juzi tulikuwa wapi nilimjibu nikiwa natazama sakafu.

Basi siku ya kikao cha harusi ya shemeji, wifi yangu akasema mbele ya watu: "Wengine wanapeleka watoto hospitali kama wanawapeleka Coco Beach." Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Mpaka leo linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli.

Hapo ndipo nilipoanza kumsumbua jirani yetu muuguzi hapa Tabata. Nilitegemea atanipa orodha ya dawa za kunyunyizia. Akaniuliza tu: "Ukienda kumwona mgonjwa wa kifua kikuu unaogopa nini?" Nikasema kikombe chake, sahani yake, kumshika mkono. Akacheka sana. Kifua kikuu hakipiti kwenye sahani wala mkononi. Kinapita hewani, mtu akikohoa, hata akiongea au kuimba. Sisi kikombe tunakikwepa, halafu tunakaa naye saa nzima chumba kimefungwa madirisha eti asipigwe na baridi. Fungua dirisha! Mwenye kikohozi avae barakoa, na wewe uvae yako, keti karibu na upepo unapopita. Surua ndiyo mbaya zaidi: mgonjwa anaweza kutoka chumbani na virusi vyake vikabaki hewani kwa muda wa hata saa mbili nzima.

Vijidudu vya kuhara vyenyewe vinapita mkononi. Mkono unashika kitasa, unashika reli ya ngazi, unashika ile kalamu ya mapokezi iliyofungwa kwa kamba ambayo wameishika wagonjwa wote tangu asubuhi, halafu unapanda mdomoni. Kwa hiyo natembea na kalamu yangu. Mnicheke tu.

Kuosha mikono nako tunajidanganya. Kulowesha vidole si kuosha. Shirika la Afya Duniani linasema kazi nzima, kuanzia kulowesha mpaka kukausha, ichukue sekunde 40 hadi 60, kwa sabuni na maji tiririka, kati ya vidole, chini ya kucha, na kidole gumba ambacho kila mtu anakisahau. Kitakasa mikono kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60, upake mpaka mikono ikauke yenyewe, si upake halafu ujifute kwenye dera. Na kikubwa alichoniambia jirani, ambacho sikukijua: mikono ikiwa na uchafu kitakasa hakifanyi kazi yake vizuri, na baadhi ya virusi vya kuhara na kutapika havikiogopi sana. Kwa hivyo sabuni ndiyo kwanza. Mnakumbuka zile ndoo za koki za 2020, kila duka, kila mgahawa, kila geti? Ziko wapi sasa? Nyingine nimeziona zimepandwa maua. Beba kipande chako cha sabuni na chupa ya maji.

Kuna daktari mmoja alinifariji sana niliposoma habari zake, Ignaz Semmelweis, wa Vienna, Austria. Mwaka 1847 aliona wanawake waliojifungua wanakufa zaidi kwa homa ya uzazi kwenye wodi ya madaktari kuliko kwenye wodi ya wakunga. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vikashuka sana. Walimshukuru? Wengi walimbeza, wakaona kawatukana kwa kuwaambia mikono yao michafu. Alikufa 1865 akiwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikasema, kumbe wifi zangu walianza zamani.

Nirudi kwetu. Mwezi uliopita mama yangu mzazi alifanyiwa upasuaji wa tumbo, nikamuuguza wodini siku kumi na moja. Siku kumi na moja! Sikupata hata mafua, na nyumbani hakuna aliyeharisha. Najua bahati nayo imo, ila acheni nijisifu kidogo. Kanga ya wodini ilikuwa moja, inaingia kwenye mfuko wake wa plastiki, ikifika nyumbani inaingia kwenye maji ya moto na sabuni kabla mtoto hajanikimbilia. Viatu nje. Sikukaa kitandani hata mara moja, nililalia mkeka wangu. Pochi haikugusa sakafu. Simu ndiyo ilinishinda siku mbili za mwanzo: unanawa vizuri, halafu unaishika ileile uliyoishika wakati unamwaga bakuli la mkojo. Nikaitia kwenye kimfuko cha plastiki, naongea ikiwa humo humo, jioni nakitupa.

Siku ya nne wifi akaja, yuleyule, ana hotpoti mkononi na mafua yanamtiririka. Nikamsimamisha koridoni.

"Unanifukuza kwa mgonjwa?"

"Kwa mgonjwa aliyepasuliwa juzi? Ndiyo wifi yangu, supu nitampa."

Sitaki kuwadanganya, nilifurahi. Lakini nilikuwa na haki. Jamani, tunajihesabu sisi tu kwamba tutaambukizwa, hatujihesabu kama waleta ugonjwa. Mgonjwa ana kidonda kibichi, mwili hauna nguvu, na sisi tunakuja kumi na wawili kutoka kanisani, kila mtu anamshika mkono, anamshika paji la uso, anaketi kitandani, anaomba kwa sauti juu ya uso wake. Huo si upendo, ni mahudhurio. Una mafua, piga simu. Una tumbo, tuma hela ya dawa. Watoto waacheni nyumbani, na mlinzi akikukatalia usimbembeleze kama mimi.

Na mkienda kliniki kwa shida zenu, nendeni alfajiri kabla mabenchi hayajajaa, chukueni namba, mkasubiri barazani. Kila mnapotoka, sabuni. Nimeshasema sabuni? Sabuni.

Sasa wewe wa Kimara. Mama mkwe ana hoja, usimkasirikie. Mpigie muuguzi wa wodi kwanza, uliza wodini humo kuna nini. Ukisikia surua, rubella, tetekuwanga, au kikohozi ambacho hakijajulikana, usiende na mimba hiyo, ongea na mama kwa simu ya video. Kama ni presha au mguu umevunjika, nenda, vaa barakoa, kaa nusu saa, nawa unapoingia na unapotoka.

Ila mwambie mama kabla. Mimi sikumwambia wangu. Siku ya pili alinitazama navyosugua mikono kila nikimgusa, akanyamaza, akageukia ukutani, halafu akauliza polepole, "Mwanangu, unanionea kinyaa?" Nilikuwa na mikono imejaa povu, hata kumkumbatia nikashindwa.