Maswali na Majibu: Waziri Mkuu wa Uingereza huitishaje uchaguzi mkuu?

SWALI: Tarehe 22 Mei 2024 nilimwona Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa wakati huo, kwenye televisheni akitangaza uchaguzi mbele ya mlango wa ofisi yake huku mvua ikimlowesha, na hakuna mbunge aliyekuwa amepigia kura jambo hilo. Je, tamko kama lile linatosha kisheria? Mfalme angeweza kukataa? Nami, Mtanzania niishiye Leicester kwa kibali cha kazi, nitakuwa na nafasi gani uchaguzi mwingine ukiitishwa?

JIBU: Tamko lile, ndugu msomaji, halikuwa na nguvu yoyote ya kisheria. Sunak angeweza kurudi ndani, akabadili suti iliyolowa na nia yake pia, asivunje kifungu hata kimoja. Kilichomfunga ni siasa. Mamlaka anayoyatumia Waziri Mkuu si ya kuitisha uchaguzi, bali ni ya kumwomba Mfalme alivunje Bunge, na Bunge likishavunjwa uchaguzi hufuata kwa hesabu ya siku. Sunak alikuwa amekwisha kuomba na kukubaliwa kabla hajatoka nje. Kilicholivunja Bunge ni tangazo la kifalme lenye Muhuri Mkuu, lililotolewa tarehe 30 Mei, na papo hapo hati za uchaguzi zikaanza kupelekwa kwa wasimamizi katika majimbo yote 650.

Kuanzia hapo kalenda ndiyo inayotawala. Sheria inataka kura ipigwe siku ya 25 ya kazi baada ya Bunge kuvunjwa, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili wala sikukuu za umma. Hebu tuhesabu pamoja: Ijumaa ya tarehe 31 Mei ni siku ya kwanza, wiki nne kamili za Juni zinatufikisha siku ya 21, na Alhamisi ya tarehe 4 Julai ni ya 25. Ndiyo maana Waziri Mkuu anayetaka kura ipigwe tarehe fulani huanza na tarehe hiyo na kuhesabu kurudi nyuma. Alhamisi yenyewe ni desturi iliyoshikwa tangu miaka ya 1930, wala haimo katika sheria.

Si zamani sana mambo yalikuwa tofauti. Sheria ya mwaka 2011 ilimnyang'anya Waziri Mkuu uhuru huo, ikataka theluthi mbili ya wabunge wote waridhie uchaguzi wa mapema. Waziri Mkuu Theresa May alizipata kwa urahisi mwaka 2017, kwa kura 522 dhidi ya 13, kisha wapiga kura wakamwadhibu kwa kumpokonya wingi wa viti aliokuwa nao. Mrithi wake, Boris Johnson, alizikosa mara tatu mwaka 2019, hata Bunge likalazimika kutunga sheria mahususi ya kuweka uchaguzi wa tarehe 12 Desemba. Baada ya purukushani hizo, sheria ya mwaka 2022 iliifuta ile ya 2011, ikarejesha mamlaka ya kale ya Mfalme na kuzizuia mahakama kuyahoji. Ilibakiza ukomo mmoja tu: Bunge hujivunja lenyewe likitimiza miaka mitano tangu lilipokutana mara ya kwanza. Bunge la sasa lilikutana tarehe 9 Julai 2024, kwa hiyo haliwezi kupita tarehe 9 Julai 2029, na kura itapigwa siku 25 za kazi baadaye kama Waziri Mkuu hatakuwa ameomba mapema.

Kuhusu Mfalme kukataa, jibu la kitabuni ni ndiyo, ila kwa matendo ni karibu na hapana. Mwaka 1950 katibu binafsi wa Mfalme George wa Sita aliandika gazetini, kwa jina la kujificha, kwamba ombi laweza kukataliwa ikiwa Bunge lililopo bado lina uhai na uwezo wa kufanya kazi, ikiwa uchaguzi utaudhuru uchumi wa taifa, na ikiwa yupo mtu mwingine awezaye kuongoza serikali kwa wingi wa kutosha. Nchini Kanada, Gavana Mkuu Byng, mwakilishi wa mfalme, alimkatalia Waziri Mkuu Mackenzie King mwaka 1926, na zogo lililofuata ni sababu mojawapo ya wafalme kuogopa jaribio la namna hiyo. Kwa maoni yangu, Waziri Mkuu mwenye wingi wa wabunge hakataliwi.

Sasa nije kwako. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya na Mganda wamo, ilhali jirani yako wa Burundi au Kongo itambidi kwanza apate uraia. Usisubiri tamko la mlangoni ndipo ujiandikishe: daftari la wapiga kura hufungwa siku ya 12 ya kazi kabla ya kura, ambayo mwaka 2024 ilikuwa tarehe 18 Juni saa sita kasoro dakika moja usiku. Kituoni utadaiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti yako ya Tanzania inakubalika, hata ikiwa muda wake umekwisha, mradi sura iliyomo bado inafanana nawe.